Jina moja, wasichana wawili

SWALI: Yaya, mimi na wenzangu tunachora katuni ya fotokopi hapa Katuba, Lubumbashi. Shujaa wetu ni Malkia wa Shaba, msichana anayeficha uso. Hadithi yake imefika mwisho, anaolewa Likasi, lakini wasomaji bado wanalitaka jina. Tukimpa msichana mwingine, hawatasema tumewadanganya?

JIBU: Mdogo wangu, kwanza jina liwe tupu, bila mwenyewe. Carol Danvers, shujaa wa katuni za Marvel za Marekani, aliyeanza kuitwa Ms. Marvel mwaka 1977, alichukua jina la Captain Marvel mwaka 2012. La zamani likabaki kama nyumba isiyo na mpangaji. Kamala Khan, binti wa familia ya Kipakistani huko Jersey City, alipoingia humo katika kitabu chake cha 2014, hakumfukuza mtu.

Monica Rambeau hakuwa na bahati hiyo. Alipewa jina la Captain Marvel mwaka 1982, mwaka ule ule Mar-Vell, Captain Marvel wa kwanza wa Marvel, alipokufa kwa saratani, wala hakuwahi kumjua marehemu. Baadaye akatokea Genis-Vell, mtoto wa marehemu, na Monica akamwachia jina. Akajiita Photon. Yule yule akaja kulichukua na hilo! Mpaka leo naona alionewa.

Malkia wenu anaolewa, basi nafasi ipo. Mwonyesheni akiliacha jina kwa mikono yake mwenyewe, hata kama ni katika kisanduku kimoja tu cha picha, akipakia mizigo ya Likasi na kifuniko cha uso kikibaki msumarini.

Sasa mavazi, maana hapo ndipo vijana wengi wanakosea: wanamvalisha mrithi nguo ile ile na inamkaa sawasawa. G. Willow Wilson, mwandishi, na Adrian Alphona, mchoraji, walifanya kinyume. Kamala anapopata nguvu, mwili wake unageuka kuwa wa Carol: nywele za dhahabu, mapaja wazi, viatu virefu. Alikuwa ameiota sura hiyo, kumbe nguo inambana na viatu vinamtesa. Mwishowe anajitengenezea vazi lake kutokana na burkini, nguo ya kuogelea inayofunika mwili. Hakuna kiputo cha maneno kinachohitaji kueleza kwamba huyu ni mwingine. Nguo yenyewe imeshamkataa.

Kilichovuka kutoka kwa mmoja hadi mwingine ni alama ya radi ya kifuani, ambayo Carol alivalishwa na mchoraji Dave Cockrum mwaka 1978.

Radi yenu ni ipi? Usiniambie ni rangi ya shaba, fotokopi yenu haina rangi. Mimi niliwahi kumpoteza shujaa mzima kwa sababu alama yake ilikuwa mistari myembamba, mashine ikaimeza yote. Ningechukua msalaba wa shaba, ule uliokuwa pesa ya wazee wetu wa Katanga: mikono minne minene, wino mweusi, hata mtoto anaujua. Malkia wa kwanza auvae shingoni. Wa pili uwe mzito kwake, aufunge kiunoni kwa kipande cha kitenge.

Chora ukurasa huo mmoja kabla ya mingine. Upige fotokopi, kisha upige fotokopi ya fotokopi, mara tatu. Nakala ya mwisho mpe mtu asiyejua hadithi, umwulize wasichana hawa wana kitu gani cha pamoja. Akigusa msalaba kwa kidole, endeleeni.