Kabla hujasaini, ijue mechi itakayokufukuza

Makocha vijana wanaonitafuta huanza na swali moja: nitapataje timu? Ni nadra kumpata anayeuliza atatokaje. Nimefundisha timu za ligi ya mkoa, nimekaa benchi la First League, daraja la tatu la ligi zetu, kama msaidizi, na ninachokiona kikiwamaliza watu wetu si mbinu. Mbinu siku hizi kila mtu anazo kwenye simu yake. Kinachowamaliza ni kuingia kazini bila kuyajua masharti ambayo hayajaandikwa popote.

Nikiulizwa kocha gani wa kumsoma, mtu hutegemea nimtaje Guardiola. Namtajia Robertinho, na wengi hucheka, hasa wale wa Jangwani, yaani Yanga. Wacheke tu. Guardiola hajawahi kusubiri mshahara wa kambi ya Kigoma. Robertinho, yaani Roberto Oliveira, Mbrazili aliyekuwa winga wa Fluminense na Flamengo enzi zake na baadaye akaifundisha Fluminense yenyewe, ameshafanya kazi kwenye ligi nne za ukanda wetu. Rayon Sports ya Rwanda, Gor Mahia ya Kenya, Vipers ya Uganda, Simba ya hapa Tanzania. Mazingira yake ndiyo yetu: viongozi wa aina ile ile, mashabiki wa aina ile ile, redio za michezo za aina ile ile. Ukiifuatilia safari yake vizuri unapata shule ambayo hakuna kozi itakayokupa.

Kwanza Kigali. Rayon walimchukua katikati ya 2018, timu ikiwa tayari kwenye makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika pamoja na USM Alger ya Algeria, Gor Mahia na Yanga. Hakuwa na muda wa kujenga chochote. Akaishika timu ilivyo, ikaenda Nairobi ikamfunga Gor, mechi ya mwisho ikamfunga Yanga 1-0 Kigali, na Rayon wakawa klabu ya kwanza ya Rwanda kufika robo fainali ya mashindano hayo. Msimu uliofuata wakachukua ubingwa wa nchi. Kumbuka pia robo fainali yenyewe iliishaje: 0-0 Kigali, kisha Enyimba ya Nigeria wakawapiga 5-1 kule kwao Aba. Matokeo hayo ya tano moja tutakutana nayo tena.

Ushauri ninaoutoa hapo ni mfupi. Ukipewa timu katikati ya msimu, usianze kwa kubomoa. Wachezaji wanakusoma wiki ya kwanza, na wakiona umekuja kuonyesha kwamba mwenzako alikuwa hajui kitu, nusu yao umeshawapoteza, maana huyo mwenzako ndiye aliyewasajili.

Nairobi ndipo pa kukaa kidogo. Gor Mahia walimtangaza mwaka 2020 kwa mbwembwe, picha na jezi. Kisha ikaja kwamba vyeti alivyokuwa navyo havikidhi matakwa ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, na kwa hiyo hawezi kukaa benchi kwenye Ligi ya Mabingwa. Gor walikuwa wamepangwa na APR ya Kigali, timu ambayo Robertinho aliijua kuliko mtu yeyote pale klabuni kwa sababu ndiyo mpinzani mkubwa wa Rayon. Faida yote hiyo ikabaki jukwaani. Haikuchukua muda wakaachana.

Mtu kacheza uwanja wa Maracanã, kafundisha klabu kubwa ya Rio, kachukua ubingwa Rwanda, halafu anazuiwa na karatasi. Sasa wewe uliyemaliza kozi ya Leseni D, unayeniambia kozi ya C utaifanya "mambo yakikaa sawa", unadhani nani atakuonea huruma?

Nimewahi kumwona kocha mwenzangu akiwa nyuma ya fensi siku ya mechi, kofia imeshushwa hadi machoni, anamtumia kijana wa maji ujumbe ampelekee msaidizi wake. Jina lake halikuwekwa kwenye fomu ya mchezo kwa sababu leseni ilikuwa ya daraja la chini kuliko kanuni zilivyotaka msimu ule. Kijana wa maji alikuwa anafika benchi, anasahau nusu ya maneno, anarudi kuuliza. Dakika ya sabini beki wa kulia alikuwa amekwisha kabisa, kocha anaona, msaidizi haoni, na ujumbe uko njiani. Goli lilipita upande ule ule. Uongozi ulipokaa kikao hakuna aliyezungumzia leseni. Walisema kocha hajui kufanya mabadiliko.

Kwa hiyo ninachokuambia ni hiki: kanuni za ligi za msimu mpya zikitoka, ukurasa wa kwanza kuusoma ni ule wa sifa za benchi la ufundi. Usimwachie katibu. Vyeti vyako piga picha, weka kwenye barua pepe, toa nakala, na moja iwe kwenye begi la safari pamoja na filimbi. Nafasi ya kozi ikitangazwa mkoani kwako, kopa ulipie. Naijua bei, na naijua hali. Kopa.

Kutoka hapo Robertinho hakupotea. Mwaka 2021 akaibukia Uganda, Vipers, pale Kitende kwenye barabara ya Entebbe, akachukua ubingwa wa 2021/22. Oktoba 2022 akafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndiyo kazi yake bora kuliko zote: kwenye Ligi ya Mabingwa akaitoa TP Mazembe ya Kongo kwa penalti, kwao Lubumbashi, baada ya sare tupu nyumbani na ugenini. Ukienda Lubumbashi na timu isiyo na jina ukarudi bila kufungwa, hapo umefundisha. Wapenda burudani walilalamika mpira ulikuwa mkavu. Sawa. Vipers waliingia makundi kwa mara ya kwanza.

Droo ikawapanga na Raja ya Morocco, Horoya ya Guinea na Simba. Wiki chache baadaye, Januari 2023, Robertinho akawa kocha wa Simba. Yaani aliyewapeleka Vipers makundi ndiye aliyerudi Kitende na Simba kuwafunga 1-0 kwa bao la Inonga, kisha akawafunga 1-0 tena Uwanja wa Mkapa, Dar. Kuna waliomwita msaliti. Mimi sioni usaliti hapo. Ofa ya klabu kubwa haisubiri ratiba yako, na klabu ingekuwa imechoka na wewe isingesubiri ratiba yako pia. Ila uondoke kwa mlango, mkiwa mmeandikiana. Hilo nitalirudia.

Pale Simba alimkuta Juma Mgunda akiwa ameishika timu na anapendwa. Mgunda akabaki kama msaidizi. Hali hii utakutana nayo, na ni ngumu kwa wote wawili: msaidizi anayeimbwa na mashabiki kila timu ikitoka sare. Anayeingia asijifanye hamuoni mwenzake. Mpe kazi ya kweli, yenye jina lake, mbele ya wachezaji. Msaidizi asiye na kazi hugeuka kuwa msemaji wa kamati.

Miezi ile kumi ya Msimbazi, yaani Simba, ina kila kitu. Walianza makundi kwa kufungwa na Horoya, wakapigwa 3-0 na Raja hapa hapa Dar, na watu wakaanza kusema. Machi Horoya wakaja Mkapa wakala saba, Chama akafunga matatu. Aprili 16 Yanga akafungwa 2-0. Wiki hiyo hiyo Wydad ya Morocco, waliokuwa mabingwa wa Afrika, wakafungwa 1-0 kwa bao la Baleke, na Simba wakatolewa Casablanca kwa penalti tu. Agosti, Ngao ya Jamii kule Tanga, sare tupu na Yanga, na kipa wa Simba Ally Salim akapangua penalti tatu. Msimu wa 2023/24 ukaanza kwa ushindi kwenye mechi sita za ligi, zote. Oktoba, kwenye African Football League, sare mbili na Al Ahly, 2-2 Dar na 1-1 Cairo, wakatoka kwa bao la ugenini.

Na bado kila wiki ulisikia: timu haichezi. Anashinda lakini haichezi.

Hapa makocha vijana wengi hunibishia. Wanasema matokeo yanajibu. Hayajibu. Ushindi ambao mashabiki hawaufurahii ni ushindi uliokopeshwa, na siku ukifungwa deni lote linadaiwa kwa pamoja. Robertinho alikuwa anashinda 2-1 dhidi ya timu ambazo Msimbazi wanataka zipigwe nne. Kila ushindi wa aina hiyo ulimwongezea pointi kwenye msimamo na kumpunguzia kitu kingine kisichoandikwa kwenye msimamo.

Novemba 5, 2023, Dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga. Musonda wa Yanga akafunga dakika ya tatu, Kibu Denis wa Simba akasawazisha mapema, mapumziko 1-1. Ukirudia ile mechi, kipindi cha kwanza si cha timu iliyokufa. Kipindi cha pili Nzengeli akaifungia Yanga la pili, na hapo ndipo pa kutazama kwa makini kama unataka kujifunza. Simba walikwenda kulitafuta bao la kusawazisha wote kwa pamoja, kama vile hakuna dakika nyingine, na nyuma pakabaki uwanja mtupu. Aziz Ki, Nzengeli tena, Pacôme kwa penalti. Tano moja, kama Aba.

Kwa Simba na Yanga, 2-1 ni huzuni ya wiki moja. Tano ni ya miaka. Yanga walikuwa wanasimangwa kwa zile tano walizofungwa na Simba Mei 2012 hadi siku ile. Kwa hiyo ushauri wa kiufundi kabisa: kwenye mechi ya watani, ukiwa nyuma kwa bao moja na miguu imekwisha, kuna wakati kulinda 2-1 ni kulinda kazi. Weka kiungo mkabaji, poza mpira, subiri kona moja ya mwisho. Watakutukana usiku ule, lakini Jumatatu utakuwa mazoezini. Najua vitabu vya ukocha havisemi hivi.

Siku mbili baadaye Simba walitangaza kuachana naye, pamoja na kocha wa viungo. Ilikuwa mechi yake ya kwanza ya ligi kupoteza msimu ule.

Na hakuwa Mbrazili wa kwanza kupata funzo hilo. Marcio Maximo aliifundisha Taifa Stars tangu 2006 hadi 2010, akaipeleka CHAN ya kwanza, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, kule Ivory Coast mwaka 2009 na kuwafunga wenyeji kwa bao la Mrisho Ngasa, akavumilia kelele zote za kumwacha kipa Juma Kaseja. Miaka minne akastahimili taifa zima. Mwaka 2014 akaja Yanga, na Desemba akafungwa 2-0 na Simba kwenye Nani Mtani Jembe, mechi ya bonanza isiyo na pointi hata moja, akaondoka.

Ndiyo maana swali la kwanza ninalomwelekeza kijana aulize anapoitwa na klabu, kabla ya mshahara, ni hili: ni timu gani hamkubali kufungwa? Kila klabu inayo, hata ya wilaya. Mwenyekiti mmoja aliwahi kunijibu bila kupepesa kwamba nikishuka daraja tutaongea, lakini nikifungwa na wale wa ng'ambo ya mto nisirudi kuchukua viatu. Ligi nzima niliipanga kwa kuzitazama zile mechi mbili. Wachezaji wenye kadi nilianza kuwapumzisha wiki mbili kabla, na kambi niliomba iwekwe mapema hata kama ni kwa ugali na dagaa. Tulitoka sare zote mbili. Nilimaliza msimu.

Swali la pili ni la mkataba. Hakikisha imeandikwa kwamba mkiachana unalipwa nini na lini, na nyumba ya klabu unaikabidhi baada ya siku ngapi. Mwenyekiti akisema "sisi ni ndugu, hatuandikiani", mwambie ndugu ndiyo wanaoandikiana ili wasigombane. Akikasirika, umeshapata jibu lako.

Swali la tatu ni la siku ya kuondoka, na hapa Wabrazili hawa wawili ni walimu wazuri. Mwaka 2024 Rayon Sports walimrudisha Robertinho, miaka mitano baada ya ule ubingwa na mwaka haujaisha tangu zile tano za Dar. Maximo naye alirudi Tanzania 2025, KMC wakamkabidhi timu. Katika ukanda huu makatibu wa klabu wana namba za simu za wenzao, na kabla hujapigiwa wewe anapigiwa aliyekuajiri mwanzo.

Ukifukuzwa usiende redioni wiki ile. Hesabu mipira, koni na bibu mbele ya meneja, saini wote wawili. Mimi humwachia anayenirithi karatasi: nani ana goti, nani hapaswi kupewa penalti hata akiililia, nani akikosa nauli haji mazoezini lakini anaona aibu kuomba. Aliyenipokea timu yangu ya mwisho alinipigia kuuliza habari za beki wa kushoto, tukaongea saa nzima. Msimu uliofuata klabu yake ilipotafuta mtu wa timu ya vijana, yeye ndiye aliyetoa namba yangu.