Utumbo hautokani na haipoblasti: futa sentensi hiyo

Ndugu yangu, futa sentensi hiyo kabla hujakabidhi kazi yako. Umeuliza namna ya kukariri viungo vya endodemu, tabaka la ndani la kiinitete, na vya ektodemu, tabaka lake la nje, lakini katika maelezo yako umeandika kwamba haipoblasti, tabaka la chini la kiinitete chenye matabaka mawili, ndiyo inayokua ikawa utumbo. Nimeitambua sentensi hiyo neno kwa neno, kwa kuwa imo katika noti za kopi ambazo mwalimu mmoja wa tuisheni hapa Mombasa alituuzia zamani, nasi tukaingia nazo mtihanini na wengi wetu wakaurudia. Inaniuma kuona bado zinazunguka. Anayepokea ada ya watoto wa watu ana wajibu wa kufungua kitabu kwanza.

Mambo huenda hivi. Katika wiki ya 3 baada ya kutungwa mimba, mstari wa awali hujitokeza juu ya epiblasti, yaani tabaka la juu. Seli za epiblasti huachana, huzama kupitia mstari huo, na zile za mwanzo kushuka hujipenyeza ndani ya haipoblasti, zikaisukuma pembeni na kushika nafasi yake. Hizo ndizo endodemu halisi. Zinazofuata hutulia katikati zikawa mesodemu, na zilizosalia juu huwa ektodemu. Matabaka yote 3, kwa hiyo, yamezaliwa na epiblasti. Haipoblasti hutanda mfuko wa kiini, ule mfuko mdogo ulio chini ya kiinitete, na kutoa ishara zinazosaidia kuupanga upande wa kichwa, na hiyo si kazi ndogo. Ni kweli kwamba kwa panya baadhi ya seli za asili hiyo zimeonekana zikibaki ndani ya utumbo, ila zimechanganyika na seli nyingi zilizotoka kwenye epiblasti, wala hazikuujenga peke yake.

Kosa hilo huzaa jingine, la kudhani utumbo mzima ni endodemu. Pita kwenye bucha yoyote ya Majengo utazame matumbo ya mbuzi yakisafishwa: uso wa ndani unaoteleza chini ya kisu ndio wenye asili ya endodemu, ilhali ukuta mgumu unaobaki mkononi ni misuli, nayo ni ya mesodemu. Mapafu na kongosho ni vivyo hivyo.

Ndiyo maana nasisitiza: usitaje kiungo kabla hujachora mshale wa seli zake zilikotoka. Chukua ini. Chora epiblasti, kisha endodemu, kisha utumbo wa mbele, yaani sehemu ya mwanzo ya utumbo wa kiinitete, na hapo, katika wiki ya 4, onyesha chipukizi la ini likichochewa na ishara za mesodemu ya moyo iliyo jirani. Mishipa yake ya damu ichoree mshale wake mwingine, kutoka mesodemu.