Kulungu wa Marekani: Maswali ya Wanaoanza Kuwinda

Msimu unakaribia na maswali ya Waswahili wa Marekani yamejaa. Nachukua manne.

Nasoma Ohio kwa viza ya mwanafunzi. Rafiki Mmarekani anataka kunipeleka porini. Naruhusiwa kushika bunduki?

Ukiwa huna leseni ya uwindaji, kama ulivyo sasa, hapana. Sheria ya taifa inamkataza mwenye viza ya muda kuwa na bunduki au risasi, hata za kuazima. Mlango ulioachwa wazi ni leseni halali ya uwindaji. Basi soma kozi ya usalama wa wawindaji, kata leseni, tembea nayo, ndipo uguse bunduki. Mwenye Green Card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hafungwi na katazo hilo. Ukiwa na shaka, muulize mwanasheria wa uhamiaji, si huyo rafiki.

Kulungu wa risasi ni halali kwa Mwislamu?

Wanazuoni wengi wanamkubali, mradi umesema Bismillahi unapofyatua na risasi imepenya. Ukimkuta bado yu hai, mchinje. Kwa undani zaidi, mwone imamu wako.

Mwaka jana nilimpiga, nikamkimbilia palepale, akapotea. Kwa nini?

Kwa sababu ulimkimbilia. Aliyepigwa mapafu hukimbia kidogo, akaanguka. Akisikia nyayo nyuma yake, huenda akapata nguvu za kuvuka hata mto. Kaa pale ulipo nusu saa, ukiwa umekariri mti aliosimama karibu nao.

Kisha nenda ukaisome damu. Nyekundu inayong'aa, yenye mapovu madogo: mapafu, hayuko mbali. Nzito, nyeusinyeusi: ini, mpe saa kadhaa. Ukiona majimaji ya kijani yenye harufu ya matumbo, rudi ukanywe chai. Huyo hufuatwa kesho yake, au baada ya kupita muda wa saa nane na zaidi. Kila penye tone tundika kipande cha karatasi ya chooni kwenye kijiti. Ukigeuka nyuma, vipande hivyo vitakuonyesha anakoelekea.

Mwaka huu subiri akupe ubavu, ulenge nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini ya kifua. Wageni wengi hulenga kichwa kwa mbwembwe, matokeo yake ni taya lililovunjika na mnyama anayekufa njaa.

Kichwa tutengeneze supu? Na nyama nyingine niwauzie wenzangu?

Supu ya kichwa, sahau. Kuna ugonjwa unaowakondesha kulungu hadi wafe, uliotambuliwa Colorado mwaka 1967, na sasa umeenea majimbo mengi. Chanzo chake ni protini iliyoharibika, hujaa kwenye ubongo na uti wa mgongo, wala haiuawi kwa kuchemsha. Haijathibitika kwamba binadamu huupata, lakini ushauri wa mamlaka za afya ni kupima mnyama kabla ya kula, na akionekana anao, usimle. Idara ya wanyamapori ya jimbo lako itakueleza pa kupeleka sampuli.

Kuuza nyama ya kulungu wa porini ni kosa. Wagawie bure, nao waje na mchele.