Nani kaamuru? Maswali yenu ya umeme, ndege na pampu

Juzi usiku Ipagala giza, Area C taa zinawaka. Kuna mtu anakaa mahali anatuchagua? (Msomaji, Ipagala)

Mara nyingi sababu ni ndogo tu: tawi limegusa waya, au mafundi wako kazini. Lakini gridi ikizidiwa ghafla, saa ile hakuna mtu anayechagua. Umeme wetu huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mtambo, uwe wa Mtera au wa Bwawa la Julius Nyerere, huisoma namba hiyo kwenye mhimili wake wenyewe bila kupigiwa simu. Mtambo mmoja ukidondoka, namba hushuka nchi nzima karibu kwa pamoja. Gavana za mitambo iliyobaki (si yule wa Benki Kuu, bali vidhibiti vya mwendo wa mtambo) hufungulia maji zaidi. Hilo lisipotosha, relei (vifaa vinavyokata umeme vyenyewe) za kwenye vituo vya kupozea umeme hukata laini kwa awamu. Ni suala la sekunde. Tukisubiri amri ya kituo cha udhibiti, gridi yote itakuwa imeshalala.

Aliyewachagua yupo, ila alichagua zamani, mezani, alipopanga laini ipi itangulie kukatwa. Huyo ndiye wa kuulizwa kwa nini kila mara ni yenu, na hospitali imewekwa laini gani.

Kama kila mtambo unajiamulia, makao makuu ya nini? (Fundi, Mpwapwa)

Ya maji. Mtera, megawati 80, na Kidatu, megawati 204, zote ziko Ruaha Mkuu, na maji yanayotoka Mtera ndiyo yanayokwenda kuzungusha Kidatu. Gavana ya Mtera inaijua sekunde hii; Oktoba haijui. Wa Mtera akibana maji, Kidatu inakauka. Akiyaachia ovyo, kiangazi kitawakuta wote mikono mitupu. Uamuzi wa msimu ni wa anayeuona mto mzima.

Shikamoo mwandishi. Niko UDOM, mwaka wa pili. Mwenzangu anadai mfumo ukiwa na waamuzi wengi ndiyo salama zaidi. Ni kweli?

Marahaba, mwanangu. Mwambie asome ajali ya Überlingen, Ujerumani, usiku wa 1 Julai 2002. Tupolev ya abiria na Boeing 757 ya mizigo zilikuwa zinakutana kwenye kimo kimoja. Mwongoza ndege wa Zürich, aliyekuwa peke yake kwenye meza mbili, akamwamuru rubani wa Tupolev ashuke. Sekunde chache baadaye vifaa vya kukwepa mgongano ndani ya ndege hizo vikaelewana vyenyewe: Tupolev ipande, Boeing ishuke. Wa Tupolev akamtii mwongoza ndege, wa Boeing akakitii kifaa. Zote zikashuka. Walikufa watu 71.

Kinachoniuma zaidi ni Karlsruhe. Waongoza ndege wa huko waliiona hatari, wakapiga simu Zürich, simu haikupatikana kwa sababu mtambo wake ulikuwa kwenye matengenezo. Kwa hiyo waamuzi walikuwepo, tena wa kutosha. Ila kanuni za wakati ule hazikuwa wazi kwa kila rubani amri ya nani itangulie zikipingana. Baadaye taratibu za kimataifa zilinyoosha jambo hilo: kifaa kikisema, rubani afuate kifaa, hata mwongoza ndege akisema vingine.

Dereva wa SGR anaendesha au anaendeshwa? (Msomaji, Kikuyu)

Anaendesha ndani ya kibali. Treni hupokea kwa redio umbali iliyoruhusiwa kwenda, kompyuta yake inapiga hesabu ya breki, na dereva akipitiliza breki zinajifunga.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya maji anataka pampu isiwashwe mpaka aseme yeye. Siku nyingi yuko Dodoma mjini, sisi tunashinda na ndoo tupu. (Msomaji, Bahi)

Pampu haina haja ya mwenyekiti. Wekeni boya la kuiwasha na kuizima kwenye tenki, na kihisi kisimani ili ijizime maji yakipungua, isije ikaungua kwa kuzunguka kavu. Mwenyekiti abaki na bei ya ndoo, nani aunganishiwe bomba, na kiwango ambacho kisima kisishushwe chini yake.

Halafu mwendesha pampu apewe ruhusa ya kuzima saa yoyote bila kumuuliza mtu, hata kama atakuwa amekosea. Kuwasha tena baada ya hitilafu ndiko kuombewe kibali, na kwa simu kunatosha.