Hiyo rupia ya bibi yako usiisugue, nakuomba

Jana dada mmoja kanitumia meseji, kapata rupia ya Mjerumani, ile sarafu ya fedha ya enzi za ukoloni, kwenye kisanduku cha marehemu bibi yake, anasema "imeingia rangi rangi, niisafishe na nini?" Nilishtuka mpaka nikasimama, maana swali hilo hilo nilijiuliza mimi na nikajijibu vibaya.

Yangu ilikuwa ya 1892, zile za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, upande mmoja Kaiza, mfalme wa Wajerumani, kavaa kofia ya kijeshi, upande wa pili simba mbele ya mti kama mnazi. Pembeni ilikuwa na rangi ya dhahabu, ikiingia ndani inakuwa zambarau, halafu bluu ya bahari karibu na simba, na mimi kwa ujinga wa wakati ule nikaona uchafu. Nikachukua dawa ya meno na mswaki. Dakika kumi tu. Ikawa nyeupeee, nikafurahi kabisa, nikampelekea mnunuzi, akaigeuza mara moja akanirudishia, akasema "umeiua". Neno hilo bado linaniuma mpaka leo.

Jamani ile rangi si uchafu. Ni madini ya fedha yenyewe yamekutana na salfa ya hewani taratibu kwa miaka na miaka, yakajitengenezea utando mwembamba sana, mwanga ukigonga pale unatoa rangi kama mafuta juu ya maji. Ukisugua unaondoa utando na ngozi ya sarafu pia, unabakiza mikwaruzo, na ule mng'ao unaozunguka ukiigeuza haurudi tena. Rupia zile zina fedha karibu asilimia 92, ni laini, dawa ya meno inazikwangua.

Sasa ninayo nyingine, nimeisubiri sana, na wiki iliyopita imerudi kutoka kwa wakaguzi wa sarafu na jibu kwamba rangi yake ni ya asili. Naringa nayo, nakiri, maana safari hii nilijua cha kuangalia: rangi inahama polepole, dhahabu kwanza bluu baadaye, na mng'ao unaonekana chini yake. Zile zilizopikwa rangi bandia kwa moto au kemikali mara nyingi rangi inaruka tu, inakaa juu kama imepakwa, mpaka ndani ya mikwaruzo imo.

Kwa hiyo tujifunze subira ndugu zangu. Shika ukingoni, usiguse uso wake. Usifunge na rababendi, ina salfa, inaacha mstari mweusi. Vile vifuko laini vya plastiki ya PVC navyo vitupe, vinatoa ute wa kijani. Na usisugue. Narudia, usisugue, hata na kitambaa laini.

Dada, nipigie picha pande zote mbili, karibu na dirisha, kabla haijagusa maji.