Miezi mitatu ya kufunga Ziwa Tanganyika inamsaidia nini dagaa?

Swali: Mimi ni mchuuzi wa dagaa Kigoma. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, nami nikakaa bila kazi. Dagaa huishi muda mfupi sana. Je, miezi mitatu inamfaa nini? Kwa nini wasikamatwe tu wenye makokoro?

Jibu: Ndugu mchuuzi, ufupi huo wa maisha ya dagaa ndio unaoyapa mapumziko nguvu. Dagaa huanza kutaga akiwa na umri wa miezi michache tu, kwa hiyo aliyekaribia kukomaa mwezi Mei hupata nafasi ya kutaga kabla ya vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa usiku, kurudi majini na taa zake. Tena huo ni msimu wa upepo wa kusi, ambao huyachanganya maji na kupandisha rutuba kutoka chini, nayo rutuba hiyo huotesha mimea midogo inayolisha vijidudu wanaoliwa na dagaa. Jambo linalotusumbua sana wataalamu ni kwamba, kadiri maji ya juu yanavyozidi kupata joto, mchanganyiko huo unadhoofika, na ziwa linapungukiwa na chakula hata pale ambapo hakuna mvuvi haramu.

Kwa mgebuka, samaki mwingine anayevuliwa ziwani humu, hali ni tofauti. Yeye huchukua miaka kukomaa, na miezi mitatu humpumzisha tu bila kumfikisha umri wa kutaga. Kinga yake ya kweli ni ukubwa wa matundu ya nyavu mwaka mzima.

Kuhusu makokoro, yamepigwa marufuku kwa sababu makinda mengi ya dagaa hukulia karibu na ufuo, na wavu unaokokotwa hadi nchi kavu huwazoa wote, pamoja na kuvuruga mazalia ya samaki wa pwani ya ziwa. Wavuvi haramu wakamatwe, naam. Lakini hata nyavu halali zikizidi kiasi humaliza samaki, na doria haipunguzi wingi wa vipe vyenye leseni; kufunga ziwa hupunguza.

Ziwa hili ni la nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Dagaa aliyeachwa Kigoma anaweza kuvuliwa upande wa pili, ndiyo maana nchi hizo zilikubaliana kufunga kwa pamoja, na yeyote anayelegea huharibu kazi ya wenzake watatu.

Hasara yako ni ya kweli, na kwa maoni yangu tarehe zinapaswa kutangazwa mapema kiasi cha kukuwezesha kukausha na kuhifadhi akiba ya kuuza katika miezi hiyo. Ziwa linapofunguliwa, nunua kwenye mialo inayosimamiwa na BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha jamii ya mwaloni) na ukatae dagaa wachanga, maana mavuno ya kwanza yakiwa ya makinda, faida ya miezi yote mitatu hupotea katika wiki chache.