Wizard and Glass: usikiache kabla ya baa

Dada, umeuliza kama uendelee na Wizard and Glass, kitabu cha nne cha The Dark Tower, mfululizo wa riwaya za Stephen King, maana safari imesimama na Roland, mhusika mkuu, anasimulia ujana wake tu. Pole, hauko peke yako. Kitabu cha tatu, cha 1991, kiliwaacha wahusika ndani ya treni yenye wazimu, wakitegeana nayo vitendawili ili wasife. Wasomaji wakasubiri hadi 1997. Treni ikamalizwa upesi, kisha mamia ya kurasa za Roland wa miaka 14 akimpenda Susan katika mji wa Hambry! Wapo waliokinunia. Wapo wanaosema ndicho bora kuliko vyote, nami nimo, ingawa mwanzo wa Hambry unajikokota kama punda mwenye mzigo.

Kisome kama riwaya inayojitegemea, usihesabu kurasa zilizobaki. Ukifika pale Cuthbert, rafiki wa Roland, anapotoa manati yake kwenye baa na bado unapiga miayo, ruka hadi sehemu ya mwisho. Utakosa kujua kwa nini Roland ana moyo mgumu vile, ila hutapotea katika kitabu cha tano.